Anzia kwenye Umeme: Kujiundia Kompyuta Arusha kwa Fedha Kidogo

Mteja anayeingia katika maduka ya kompyuta ya katikati ya jiji la Arusha, kuanzia Mnara wa Saa hadi Barabara ya Sokoine, mara nyingi huanza na swali lile lile: mna i5 au i7? Akiambiwa i7 ipo, bei hupanda na roho yake hutulia. Lakini jina hilo peke yake halisemi kitu kuhusu kasi. Prosesa ya Core i7-3770 ilitoka mwaka 2012. Core i3-12100 ilitoka mwanzoni mwa 2022, ina viini vinne kama kaka yake huyo, na inamwacha mbali katika karibu kila kazi. Tarakimu zinazofuata kistari ndizo za kusoma: 3770 ni kizazi cha 3, 8500 ni cha 8, 12100 ni cha 12. Anayelipa bei ya i7 bila kuuliza kizazi ananunua kibandiko.

Kwa mwenye bajeti ndogo, hata swali la kizazi lingefaa lisubiri kidogo. Yapo mawili yanayolitangulia: kompyuta itafanya kazi gani, na nyumba itakapokaa ina umeme wa namna gani. La pili husahaulika, na huku kaskazini ndilo linaloharibu mashine nyingi.

Mikoa ya kaskazini iko mbali na vyanzo vikubwa vya umeme vya taifa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko kusini-mashariki mwa nchi, na umeme wake husafiri mamia ya kilomita kabla ya kufika chini ya Mlima Meru. Machi 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa hii, na hoja yake ilikuwa hiyo hiyo ya umbali na umeme unaopotea njiani. Aliye mwisho wa laini, pembezoni mwa Ngaramtoni au Usa River, hahitaji takwimu kulielewa jambo hilo. Jioni watu wakirudi nyumbani na kuwasha pasi na majiko, taa yake hufifia. Umeme ukikatika, hurudi kwa kishindo.

Ndiyo maana kifaa cha kwanza kuwekewa fedha ni pawa saplai, lile sanduku la chuma linalopokea volti 230 za TANESCO na kuzigeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa ndani ya kompyuta. Sanduku zuri huandikwa ubavuni 100–240V. Maana yake ni kwamba umeme ukishuka hadi volti 170, litaendelea kufanya kazi bila kulalamika. Sanduku la bei ya chini kabisa huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, upande mmoja 115 na upande wa pili 230, na halina uvumilivu huo. Swichi hiyo ina hatari nyingine inayostahili kusemwa kwa sauti katika mji uliojaa mashirika, shule za misheni na wafadhili wa nje. Kompyuta ya zamani iliyoletwa kutoka Marekani inaweza kuwa imewekwa kwenye 115. Ukiichomeka ukutani Arusha kabla ya kuisogeza swichi, utasikia mlipuko na kunusa moshi, na huenda mazabodi ikaondoka pamoja na pawa saplai.

Maandishi makubwa ya wati kwenye boksi yasimpumbaze mnunuzi. Yapo masanduku yaliyoandikwa wati 500 ambayo hayawezi kutoa nusu yake kwa muda mrefu. Uzito husaidia kuyatambua, kwa sababu pawa saplai ya kweli ina shaba na vipoza joto ndani, na mkononi inajisikia nzito. Alama ya 80 PLUS, iliyoanza kutumika mwaka 2004, ni ushahidi bora zaidi, ilimradi imetoka kwa kampuni inayojulikana. Kompyuta nyingi za nyumbani hazivuki wati 300 hata zikiwa kazini, kwa hiyo sanduku la kweli la wati 450 linatosha na kubaki.

Baada yake inakuja UPS yenye uwezo wa kusawazisha volti. Hapa pia namba hudanganya kidogo: UPS ya VA 650 kwa kawaida hutoa wati kama 360 hadi 390, na kwa dakika chache tu, za kuhifadhi kazi na kuzima. Hizo dakika zinatosha. Wakati wa masika, radi zikianza, hakuna UPS inayoaminika kuliko kuchomoa plagi ukutani, pamoja na waya wa intaneti.

Umeme una upande wa pili, ambao ni LUKU. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja wa nyumbani wa daraja la D1 hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, mradi asivuke yuniti 75 kwa mwezi. Mteja wa daraja la T1 hulipa shilingi 292, ambazo zikijumlishwa na kodi na tozo hufika 356 hivi. Kompyuta ya gemu inayokula wati 300 pamoja na monita yake, ikiwashwa saa tano kila siku, humaliza yuniti 45 kwa mwezi. Kwa mteja wa T1 hiyo ni kama shilingi 16,000. Kwa kaya iliyo D1 hesabu ni mbaya zaidi, kwa kuwa mashine moja inakula zaidi ya nusu ya yuniti 75, na zinazozidi hapo hutozwa shilingi 350 kila moja kabla ya kodi. Kompyuta ya ofisini inayokula wati 70 na monita yake, kwa saa hizo hizo, haifiki yuniti 11. Mzazi anayemnunulia mtoto kompyuta na afanye hesabu hii mapema, kabla familia nzima haijaanza kuulizana nani anamaliza umeme.

Upande wa mwisho kabisa wa mizani hiyo uko Karatu, mkoani Arusha. Huko mradi wa Powering Potential ulifunga katika shule za sekondari, Banjika ikiwa mojawapo, maabara za kompyuta zinazotumia nguvu ya jua na vikompyuta vya Raspberry Pi, ambavyo ni bodi zenye ukubwa wa kadi ya benki. Kwa kuwa kila kimoja hula wati chache tu, paneli na betri za kiasi huhudumia chumba kizima. Masomo yamehifadhiwa humo humo shuleni katika mfumo uitwao RACHEL, hivyo intaneti ikikosekana wanafunzi wanaendelea kusoma. Anayetaka kompyuta ya kuandikia, kusomea na kujifunza kuprogramu kwa lugha ya Python hajakosea kuufuata mfano wa Karatu. Raspberry Pi 400, iliyotoka 2020, ni kibodi yenye kompyuta nzima ndani. Inasubiri televisheni ya kuunganishwa tu.

Wengi, hata hivyo, wanahitaji mashine kubwa kidogo. Kwao njia iliyo bora kuliko zote kwa fedha chache ni kompyuta ya mezani iliyostaafu ofisini Ulaya au Marekani. Dell OptiPlex 7010 na 9020, HP EliteDesk 800 G1, Lenovo ThinkCentre M92p: majina haya yanajulikana kwa kila fundi. Zilitengenezwa kudumu, pawa saplai zake ni za kweli, na mazabodi zake hazina mchezo. Anayeunda kompyuta kwa kuanzia na moja ya hizi anapata kasha, prosesa, mazabodi na pawa saplai kwa bei ambayo isingetosha kununua prosesa mpya peke yake.

Zina masharti, na muuzaji hana haraka ya kuyataja. Pawa saplai ya OptiPlex 9020 huungana na mazabodi kwa pini 8 badala ya 24 za kawaida. Ya EliteDesk 800 G1 hutumia pini 6. Siku ikifa, ile ya kawaida ya dukani haiingii bila adapta. Ile ya 9020 ya kasha refu hutoa wati 290, ya kasha dogo 255, kwa hiyo mlango wa kadi kubwa za picha umefungwa tangu mwanzo. Kasha dogo linapendeza mezani, ila hupokea kadi fupi tu, ambazo ni adimu na ghali. Mwenye nia ya kuongeza vitu baadaye achague kasha refu.

Sharti la pili ni la programu. Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wake rasmi inadai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 au Ryzen kuanzia mfululizo wa 2000, pamoja na kifaa cha usalama cha TPM 2.0. Hakuna hata moja kati ya zile nilizotaja inayotimiza masharti hayo. Hapo njia zinagawanyika. Mwenye fedha kidogo zaidi atafute OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4, za mwaka 2018, ambazo ziko ndani ya mpaka. Asiye nazo aweke Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni za bure, zinaendelea kupokea maboresho ya usalama, na zinaendesha kivinjari, barua na hesabu za duka bila shida. Kuweka Windows 11 kwa ujanja inawezekana, na mafundi wanafanya, lakini kumuuzia mteja mashine hiyo bila kumweleza ni kumkosea.

Kisha SSD. Kama kuna shilingi moja inayorudisha thamani kuliko zote katika kompyuta ya zamani, ni hii. Diski ngumu ya kuzunguka husoma megabaiti kama 150 kwa sekunde inapokwenda vizuri, na huanguka vibaya inapotafuta mafaili madogo yaliyotawanyika, jambo ambalo Windows hufanya mchana kutwa. SSD ya SATA hufika karibu 550, na katika mafaili madogo tofauti ni kubwa zaidi. Mashine iliyochukua dakika tatu kuwaka huwaka kabla mwenyewe hajavuta kiti. Zipo SSD za NVMe zinazofika 3,500 na kupita, ila mazabodi za 2012 na 2013 haziwezi kuwaka kwa hizo kwa njia ya kawaida, na kwa kazi za kila siku jicho halioni tofauti kubwa. Gigabaiti 256 za SATA kwa mfumo, na diski ya zamani ibaki kuhifadhia picha na filamu: mpangilio huo umewafaa wengi.

RAM inahitaji macho mawili. DDR3 na DDR4 haziingiliani. Vijino vimekatwa mahali tofauti makusudi. Vijiti viwili vya gigabaiti 4 hupita kijiti kimoja cha 8 kwa kasi, kwani prosesa huvisoma sambamba, na faida hiyo huonekana waziwazi pale ambapo hakuna kadi ya picha. Gigabaiti 8 ni kiwango cha chini cha heshima leo. Mwishoni mwa 2025 bei za RAM zilipanda sana duniani kwa sababu viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili unde. DDR3 iliyotumika, ambayo hakuna kituo kinachoitaka, ni sababu nyingine ya kuiangalia mashine ya zamani kwa jicho la upendo.

Hapa ndipo swali la kazi linarudi kwa nguvu. Arusha ni mji uliowatoa X Plastaz, Nako 2 Nako na Joh Makini, na vyumba vya kutengenezea midundo majumbani havihesabiki. Mtengeneza midundo anayetumia FL Studio hahitaji kadi ya picha hata kidogo. Anahitaji prosesa yenye kiini kimoja kimoja chenye kasi, gigabaiti 16 za RAM, SSD ya kuhifadhi sauti, na kasha lisilo na kelele kwa sababu maikrofoni iko mita moja kutoka hapo. Kijana anayehariri video za safari za Tarangire kwa kampuni ya watalii ana shida kinyume chake: DaVinci Resolve hutupa mzigo wake mkubwa kwenye kadi ya picha, na bila kadi nzuri atakaa akitazama mstari ukitambaa. Mwanafunzi wa Chuo cha Ufundi Arusha anayechora kwa AutoCAD yuko katikati ya hao wawili. Wote watatu wakipewa kompyuta moja ya "i7", hakuna atakayekuwa amepata haki yake.

Kadi za picha ndiko mitego iliko. Tarehe 15 Septemba 2022 mtandao wa Ethereum uliacha utaratibu wa uchimbaji, na kadi zilizokuwa zikichimba sarafu usiku na mchana zilimwagwa sokoni duniani kote. RX 580 nyingi zinazouzwa kwa bei nzuri zina historia hiyo. Si lazima ziwe mbovu, lakini feni zake zimechoka, na yenyewe hula hadi wati 185, mzigo ambao pawa saplai ya OptiPlex haiuwezi. Ipo pia RX 580 yenye nyongeza ya 2048SP, ambayo ni dhaifu kuliko ile kamili. Jina linafanana, bei nayo mara nyingi inafanana. Mtego mbaya zaidi ni kadi za kughushi: kadi ya kizamani kama GTS 450 ya 2010 hubadilishwa programu yake ya ndani, ikajitangaza kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z hutambua udanganyifu huo tangu 2018 na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Iwekwe kwenye flashi, na muuzaji aombwe iendeshwe pale pale.

Kwa mwenye OptiPlex ya kasha refu anayetaka gemu na uhariri wa kiasi, GTX 1050 Ti ya kweli au GTX 1650 ndizo zinazofaa. Kuna matoleo ya kadi hizo yanayoishi kwa wati 75 za kwenye mazabodi yenyewe, bila waya wa ziada.

Na anayetaka vipya kabisa? Soketi ya AM4 ya AMD, iliyoanza mwaka 2016, bado ndiyo inayomjali mwenye kipato kidogo. Ryzen 5 5600G ina viini sita, inakadiriwa wati 65, na ina uwezo wa picha ndani yake unaotosha mpira wa FIFA kwa mipangilio ya chini. Mtu anaweza kuanza na Ryzen 3 3200G iliyotumika, mazabodi ya B450, vijiti viwili vya DDR4, na baada ya mwaka mmoja au miwili akapandisha hadi Ryzen 7 5700X kwa kubadilisha prosesa na kusasisha BIOS tu. Uwezo huo wa kukua polepole, mshahara kwa mshahara, ndio hoja kubwa ya kujiundia. Upande wa Intel, i3-12100 ni nzuri, mradi mnunuzi aangalie herufi ya mwisho: i3-12100F haina uwezo wa picha, na bila kadi itatoa skrini nyeusi.

Fedha za kupoza kwa maji zibaki mfukoni. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 13 hivi kuliko ya Tanga, kwa hiyo feni hubeba joto pungufu kidogo. Baridi ya Juni na Julai inalipa deni hilo na zaidi. Adui wa kweli ni vumbi laini la volkano linaloingia kila tundu wakati wa kiangazi katika mitaa isiyo na lami. Kasha lenye vichujio vinavyotoka kwa urahisi, na brashi laini kila mwezi, vinatosha. Mashine ya mtumba yenye miaka kumi ibadilishwe pia ile dawa nyeupe iliyo kati ya prosesa na kipoza joto. Huwa imekauka kama chokaa, na kuipaka upya hushusha joto kuliko feni yoyote mpya.

Kuhusu mahali pa kununua, Arusha ina bahati ya kuwa njia panda. Kariakoo kuna uchaguzi mpana, na basi la usiku huleta kifurushi. Nairobi, kwenye Mtaa wa Luthuli, kuna vifaa ambavyo Arusha havijafika, na Namanga ni mwendo wa kilomita 110 tu. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao yake hapa hapa Arusha, unaziwekea kompyuta kiwango cha sifuri, ingawa VAT ya asilimia 18 ni habari nyingine na maofisa wa mpakani wataikumbuka. Lakini kifaa kikifa baada ya wiki mbili, dhamana ya Nairobi iko Nairobi. Kwa pawa saplai, mazabodi na SSD, duka la Arusha lenye risiti ya EFD na mtu wa kumrudia linastahili nyongeza kidogo ya bei. Kasha na kibodi vinaweza kutoka popote.

Popote pale, kaunta ndiyo mahali pa kupimia. CrystalDiskInfo huonyesha saa ambazo diski imefanya kazi. Diski "mpya" yenye saa 30,000 imeshaishi zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa. MemTest86 huanika RAM yenye hitilafu, ingawa inahitaji muda, na muuzaji mwaminifu atakubali mteja aende kula arudi. H2testw hujaza diski au flashi nzima na kuisoma tena, ikifichua terabaiti moja iliyo kweli gigabaiti 64. Programu zote tatu hupatikana bure, zinaingia kwenye flashi moja ndogo, na duka linalokataa flashi hiyo ichomekwe limeshatoa jibu lake.